Nilivyoubeba Mkojo wa Kamanda

Godoro la sponji lililolowa mkojo, likianikwa kwenye jua hafifu la Agosti, lina harufu ambayo ukishaijua haikutoki puani. Si harufu ya choo, wala si ya mtoto mchanga. Ni kitu fulani kati ya chumvi, mpira uliopata joto, na aibu. Katika ploti yetu pale mtaa wa Baba Dogo, Nairobi, harufu hiyo ilichanganyika na ya mandazi ya Mama Otieno, aliyeanza kukaanga mlangoni pake kabla hakujapambazuka, na ya moshi wa viwanda uliotua uani kila upepo ulipogeuka. Vyumba vilikuwa vinane, vinne upande huu na vinne upande ule, na katikati ua wa saruji wenye bomba moja, mtaro mmoja na kamba moja ya kuanikia. Kilichowekwa kwenye kamba hiyo kilisomwa na kila mtu kama gazeti. Watu walijua nani amenunua shuka jipya, nani bado anavaa sweta la mwaka juzi, na katika likizo ya mwaka niliokuwa darasa la nne, miaka ya tisini hiyo, walijua pia kwamba Nekesa wa Mama Wafula, msichana mzima wa miaka kumi, anakojoa kitandani. Nekesa huyo ni mimi. Na kabla hamjanicheka, naomba niseme kwamba mkojo ulikuwa wa mbwa.

Mbwa mwenyewe aliletwa na Baba, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha mablanketi huko Industrial Area, wiki moja zamu ya mchana na wiki moja zamu ya usiku. Mwezi ule wezi walikuwa wameruka ukuta wa ploti mara mbili. Mara ya kwanza walichukua sufuria za Mama alizoacha zikauke nje, mara ya pili wakachukua suruali ya Baba ya kazini ikiwa bado inachuruzika maji. Baba alisema sasa imetosha, nyumba hii inahitaji mbwa mkali. Jioni moja akaingia na mfuko wa sukari wa kushonwa, akaufungua katikati ya chumba, na mbwa mkali akatoka. Alikuwa na ukubwa wa mkate wa robo tatu. Masikio yalikuwa yamelala, tumbo lilikuwa la mviringo, na miguu minne ilikuwa haijakubaliana iende upande gani. Mama yake alikuwa mbwa wa walinzi wa kiwandani, Baba akaeleza, na kwa hiyo ukali uko kwenye damu. Akamwita Kamanda. Kamanda akatazama huku na huku, akapiga chafya, akakaa juu ya kiatu cha Baba.

Mama alisimama na mwiko mkononi akimwangalia kwa muda mrefu. "Huyu ndiye atashika mwizi?"

"Atakua," Baba akasema.

Mama ni wa Bungoma, na kwao mbwa hulala nje, hula nje na hufa nje. Lakini Agosti ya Nairobi ina baridi ya kuuma mifupa, na hata yeye aliona kwamba kiumbe kile kingeganda kabla ya mwizi wa kwanza kufika. Basi akakubali alale ndani, kwenye katoni kando ya jiko, kwa sharti moja. Alilisema polepole ili pasiwe na mtu wa kudai baadaye kwamba hakusikia. "Baba Wafula, nisikize vizuri. Siku huyu atakojoa ndani ya nyumba yangu, hata tone, anarudi kwa mamake siku hiyo hiyo." Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa na pazia. Upande wa ndani kulikuwa na kitanda chao, upande wa huku viti vya sofa vilivyovishwa vitambaa alivyofuma mwenyewe kwa mkono, vyeupe, ambavyo sisi watoto hatukuruhusiwa kuviegemea vizuri. Neno la Mama halikuwa na toleo la pili. Kila mtu pale alijua, ila Kamanda.

Mimi nimekuwa mtu wa nyumbani tangu zamani. Wenzangu walikimbia barabarani kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka giza, kaka yangu Wafula alikuwa na timu yake ya mpira wa karatasi, na mimi nilipenda kukaa ndani karibu na jiko nikinywa chai. Nikitumwa dukani nilirudi mbio, si kwa utiifu, bali kwa kuogopa chai itapoa. Marafiki sikuwa nao wengi, maana rafiki ni mtu unayetoka kwenda kumtafuta. Sasa Mungu akanitumia rafiki anayeishi ndani ya katoni kando ya jiko langu. Kufikia saa mbili usiku wa siku ya kwanza nilikuwa nimeshaamua kwamba sitaachana naye maishani.

Usiku tulisogeza meza, Wafula akalala kwenye kochi refu, mimi nikatandikiwa godoro langu chini. Taa ilipozimwa, Kamanda akaanza kumlilia mamake. Alilia kwa sauti nyembamba isiyokatika, na jirani akagonga ukuta. Nikanyoosha mkono, nikamtoa kwenye katoni, nikamwingiza chini ya blanketi. Akanyamaza papo hapo, akaweka pua yake baridi kwenye shingo yangu, nikalala nikiwa mtu mwenye furaha kuliko wote Eastlands. Baadaye nikaota ninaogeshwa kwa maji ya uvuguvugu. Nilipoamka nikagundua sikuwa ninaota kila kitu. Nikasogea upande mkavu. Baada ya muda upande mkavu nao ukapata habari. Kibofu cha mbwa mchanga ni kama bomba lenye kipira kilichoisha, kinafungwa lakini hakifungiki, na kufikia alfajiri Kamanda alikuwa ametembelea pembe zote za godoro isipokuwa ile niliyokuwa nimejikunja juu yake. Niliposikia Mama anakohoa nyuma ya pazia nilimrudisha haraka kwenye katoni yake. Akajikunja pale, akafumba macho kama mtoto wa kanisa.

Mama akaja, akasimama, akavuta pumzi. Kwanza aliinama kwenye katoni akapapasa gazeti lililokuwa chini ya Kamanda. Lilikuwa kavu kabisa. Kisha akapapasa godoro langu. Aliniangalia, na mimi nikamwangalia Kamanda, na nikaona mfuko wa sukari, na Baba akiubeba kurudi kazini.

"Ni mimi, Mama," nikasema.

Maneno matatu tu, na nilidhani yatanigharimu asubuhi moja. Mama hakunichapa. Alitikisa kichwa akasema kwa huzuni, "Hata mbwa ana adabu kukushinda," kisha akaniambia nibebe godoro langu mwenyewe nikalianike. Niliruka kizingiti nikiwa nimelitwika kichwani, na ua wote ukanyamaza kwa heshima ya habari mpya. Mama Otieno aligeuza mandazi yake, akaniuliza kwa upole wa kuchoma kama mvua ilinyesha kwetu tu, maana kwake kulikuwa kukavu. Watoto wa ploti hawakuhitaji kufundishwa wimbo. Wimbo wa kikojozi kila mtoto huzaliwa akiujua. Wafula, damu yangu mwenyewe, ndiye aliyewaongoza, akipiga karai kama ngoma. Kamanda alinifuata hadi kwenye kamba akitingisha mkia, na alipofika kwenye mtaro akakojoa hapo, mchana kweupe, akasifiwa.

Usiku wa pili nilijaribu kuwa na akili. Nilimnyima maji tangu jioni. Nilimvalisha mfuko wa nailoni wa mkate, nikaufunga kiunoni kwa uzi wa Mama, akautafuna wote. Nilimwacha kwenye katoni, akalia mpaka jirani akagonga ukuta na Baba akasema nyuma ya pazia kwamba mbwa huyu akiendelea hivyo atamrudisha yeye mwenyewe kabla ya Mama. Basi nikamrudisha chini ya blanketi, na asubuhi nikatwika godoro. Usiku wa tatu hivyo hivyo, na wa nne. Ungeniuliza kwa nini sikumtoa tu nje, ningekuambia ukweli: nilikuwa mwoga. Ua wa mchana niliujua kila ufa, lakini ua wa usiku, na kile choo kilicho mwisho kabisa, na wezi wanaoruka ukuta, hapana. Heri kulowa.

Ndipo hatua zikaanza kuchukuliwa. Mama alitangaza kwamba kuanzia saa kumi jioni sitaona kitu chenye maji. Nilikula ugali na sukuma wiki iliyokaushwa hadi ikawa kama majani ya chai, na chai yenyewe nikaikosa. Mimi! Chai ilimiminwa mbele yangu, ikapanda mvuke, ikanywewa na Wafula kwa sauti ya makusudi. Maziwa yaliyokuwa ya kikombe changu yalimwagwa kwenye kifuniko cha sufuria akapewa Kamanda, kwa sababu alikuwa mdogo na anahitaji nguvu. Aliyekojoa akanyweshwa, asiyekojoa akawekwa jangwani. Nilimtazama akilamba mpaka tumbo linagusa sakafu, nami nikijua maziwa yale yatanirudia kabla ya alfajiri.

Adhabu ningeivumilia. Kilichonishinda ni Mama kuacha kukasirika. Siku ya sita alinikalisha karibu naye akaniuliza kama ninaumwa mahali popote, kama kuna mtu shuleni amenitisha, kama ninaota ndoto mbaya. Jumapili akina mama wa kikundi chake cha maombi wakaniwekea mikono kichwani, mikono mizito inayonuka vitunguu na mafuta ya kujipaka, wakaomba kwa sauti juu ya jambo ambalo walikubaliana kutolitaja kwa jina. Nilifumba macho nikawa naomba pia, lakini nilimwombea Kamanda. Tulipotoka kanisani nilifungua mdomo mara mbili nimwambie Mama yote. Kila mara nikaona ule mfuko wa sukari.

Jioni ile Baba, kabla hajaenda zamu yake ya usiku, aliniita nje tukasimama kando ya bomba. Alijifanya anakaza kifuniko cha chupa yake ya chai. "Nekesa," akasema akiangalia ukuta, "mimi niliacha nikiwa darasa la sita. Usimwambie mama yako." Akanigusa bega, akaenda zake. Sijawahi kupewa zawadi kubwa kama ile, na sijawahi kuipata kwa udanganyifu kama ule.

Wiki ya pili akafika Shangazi Rasoa, dada mkubwa wa Baba, kutoka Bungoma, na kuku mmoja, mkungu wa ndizi, na habari kamili kuhusu hali yangu, ambazo sijui zilimfikiaje. Mimi nilipewa jina la bibi yangu, mamake, kwa hiyo Shangazi huniita mama. Aliketi, akavua viatu, akanitazama kwa masikitiko. "Mama," akaniambia, "hata wewe?" Kwa sababu ya jina hilo hangeweza kunichapa, maana nani anachapa mamake? Lakini angeweza kunitibu. Alitoka akarudi na tofali kutoka kwenye rundo la fundi aliyekuwa akijenga karibu, akalipasha juu ya jiko, akalifunga kwa gunia, akanikalisha juu yake mpaka lipoe. Alisema joto hufunga mishipa ya huko chini. Nilikaa juu ya tofali nikitoa jasho huku akinisimulia nani ameoa na nani amekufa kule nyumbani, na Kamanda amelala miguuni pangu, amejaa maziwa.

Kisha Mama akasema jambo ambalo kila mtu isipokuwa mimi aliliona la kawaida. Kwetu mgeni kutoka nyumbani hulala na watoto. Shangazi Rasoa, mwanamke mwenye mwili wake na gauni la kulalia jeupe lililopigwa pasi, angelala kwenye godoro langu. "Nataka nione mwenyewe," Shangazi akasema. "Nikilowa, nitajua dawa iongezwe."

Nililala ukingoni kama mtu aliyelala juu ya ukuta. Kamanda nilikuwa nimemficha tumboni, chini ya sweta. Akilia, ataamsha nyumba. Akikojoa, atamkojolea dada mkubwa wa Baba. Hakuna dini wala kabila ambalo lingemsamehe. Shangazi alikoroma taratibu. Kamanda akaanza kujizungusha, ule mzunguko wake ambao sasa nilikuwa nimeujua, wa kutafuta mahali, na katika nukta ile woga wangu wa wezi ukashindwa na woga mwingine mkubwa zaidi. Niliinuka naye kifuani, nikafungua kitasa kidole kwa kidole, nikatoka uani bila viatu. Saruji ilikuwa baridi kama barafu. Nikamweka kwenye mtaro, nikachuchumaa kando yake nikitetemeka, nikamnong'oneza, "Kojoa. Kojoa, tafadhali." Akakojoa. Hakuna mwizi aliyetokea. Nikarudi ndani, nikahesabu pumzi, na baada ya muda mfupi akaanza tena kujizungusha, tukatoka tena.

Mara ya tatu, nilipogeuka, mlangoni palikuwa pamejaa gauni jeupe.

"Mama, unafanya nini hapo?"

"Nimetoka kukojoa, Shangazi."

Aliuangalia mtaro uliolowa. Akaniangalia mimi. Hata akamwona Kamanda akisimama kati ya miguu yangu na kupiga miayo, na hakumtilia maanani, kwa sababu mbwa kufuata watu ni kazi yake. Nilisubiri. Shangazi akainua mikono yake yote miwili juu, taratibu, kama mtu kanisani. "Tofali," akasema.

Asubuhi godoro lilikuwa kavu, na kabla sijanawa uso ploti nzima ilikuwa imesikia kwamba mtoto aliyekalia tofali mara moja tu ameamka mwenyewe mara tatu. Mama alilipapasa godoro kwa viganja vyote viwili, akakaa chini akacheka mpaka machozi yakamtoka, akanipa kikombe cha chai kilichojaa hadi ukingoni. Sasa niambie ningesema nini. Siku moja kabla, ukweli ungemfukuza Kamanda. Siku ile ungemfukuza Kamanda na kumwangusha Shangazi pia. Nikanywa chai yangu. Jioni Mama Otieno, yule wa mvua ya kwetu tu, alileta mandazi manne kwenye sahani iliyofunikwa, na nyuma ya sketi yake alikuwa amemficha Otieno, wa miaka minane. Kumbe na kwake kulikuwa na godoro, ila lilikaushwa ndani, juu ya jiko. Otieno akakalishwa juu ya tofali akalia kwa uchungu. Alipona. Aliponywa na joto au na woga wa joto, hilo Shangazi hakuona haja ya kuulizwa.

Shangazi alikaa wiki tatu, hadi shule zilipokaribia kufunguliwa, akitibu watoto wa ploti tatu. Nami usiku kwa usiku nikatoka na Kamanda, mara tatu, kisha mara mbili, kisha moja. Ua wa giza nikauzoea kama kikombe changu. Siku moja kabla Shangazi hajaondoka, niliamshwa na mkwaruzo mdogo. Kamanda alikuwa amesimama mlangoni, anakwaruza ubao kwa ukucha mmoja, ananingoja. Mama alikaa naye miaka tisa, na mpaka anamzika nyuma ya ukuta alikuwa akiwaambia wageni kwamba mbwa yule hakuwahi kukojoa ndani hata siku moja.

Wakwe zangu walipokuja kwetu mara ya kwanza, Shangazi Rasoa, mvi kichwa kizima, alisimama akawahakikishia kwamba binti wanayemchukua ni mzima, kile kitu aliacha zamani, yeye mwenyewe ndiye alimtibu. Bwana harusi akanigeukia. Nikaona sasa ndiyo saa, nikasimama nikaeleza yote, katoni, blanketi, mtaro. Walicheka mpaka chai ikamwagika kwenye vitambaa. "Kamanda?" Mama akasema, akijifuta macho. "Kamanda alikuwa na adabu. Keti, mama, hakuna anayekulaumu." Hakuna aliyeniamini, na mpaka leo nyumbani kwetu watoto wanaolowesha wanaambiwa wasijali, mbona Shangazi Nekesa alipona.

Siku hizi ninakaa fleti, ghorofa ya tatu, mbwa hawaruhusiwi. Kitinda mimba wangu akikojoa kitandani ninatandua shuka, ninaliloweka bafuni, karatasi ya nailoni imeshalilinda godoro, na kabla hajanywa uji hakuna anayejua, hata jirani wa mlango wa mkabala ambaye jina lake silijui. Sitaki mwanangu atwike godoro mbele ya watu. Ila ninapokamua shuka lile peke yangu, huwa ninawakumbuka wote waliokuwa ndani ya mkojo wa Kamanda: wa kuimba, wa kuomba, wa kupasha tofali, na mwanamume mmoja aliyetoa siri yake akiangalia ukuta. Mwanangu ana mimi tu, na mimi sina tofali.

Na kwa kuwa leo nimekuwa mkweli, nimalizie. Usiku mmoja wa ile wiki ya kwanza, mlinzi wa ploti ya jirani alimwazima Kamanda, ati amwonyeshe kazi getini, akalala naye huko mpaka asubuhi. Nilipoamka godoro lilikuwa limelowa. Nilimtafuta mbwa chini ya blanketi, nikatafuta kwenye katoni, nikakumbuka. Mama akaja, akapapasa, nikamwambia kama kawaida kwamba ni mimi. Ndiyo asubuhi pekee niliyosema kweli, na ndiyo pekee niliyolia.